Shairi la Jembe na Shairi la Magugu: Je, Mwalimu Amepima kwa Mizani Mbili?

Swali: "Wakili, pokea salamu kutoka viungani mwa Mumias. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa, na ndiye mlezi wa chama cha Kiswahili. Muhula huu mwanafunzi wa kidato cha tatu ametunga shairi linalomkejeli mbunge wetu, nami nimeliruhusu lisomwe siku ya wazazi. Wazazi kadhaa wamekuja juu. Wanasema kwamba mwaka jana nilikataa shairi la mwanafunzi mwingine lililowahusu watu wa jamii jirani wanaoishi hapa kwetu, kwa hivyo mimi ni ndumakuwili. Ni kweli nililikataa, na ni kweli pia kwamba jamii hiyo ndiyo yangu. Sasa wanataka shairi la mbunge liondolewe, na mzazi mmoja ametishia kulipeleka kituo cha polisi. Kinachoniuma ni kwamba wazazi hawa hawa walisimama na wasichana wa Butere mwaka 2025. Je, mwenye mizani mbili ni nani, wao au mimi?"

Jibu:

Mwalimu, nashukuru kwamba uliyatuma mashairi yote mawili pamoja na swali lako, kwa maana bila kuyasoma ningekuwa najibu kwa kukisia. Nitatangulia kusema jibu langu ndipo nilieleze. Kuhusu shairi la mbunge, wazazi wamekosea nawe umesimama panapofaa. Kuhusu shairi la jamii jirani, ulikuwa na sababu nzuri ya kuuzuia ubeti mmoja, lakini hukuwa na sababu ya kulizika shairi zima, na ni vyema ujiulize kwa nini ulilizika. Wazazi wamekugusa penye jeraha, ingawa sidhani kama walijua wanapagusa.

Nianze na Butere, kwa kuwa ndipo wazazi wako wenyewe walipojiwekea kipimo. Mwaka 2013 mchezo wa kuigiza wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere ulizuiwa kufika katika tamasha za kitaifa kwa madai kwamba ulieneza chuki ya kikabila, na Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu akaamuru uruhusiwe. Miaka 12 baadaye shule ile ile, ikiwa na mchezo mwingine wa mwandishi yule yule, Cleophas Malala, ilijikuta tena mlangoni pa mahakama, na Mahakama Kuu ikaamuru kwamba wasichana waigize. Aprili 10, 2025, hapa Nakuru ninapoishi, wasichana hao waliimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka bila kuigiza, huku waandishi wa habari na wananchi waliokuja kuutazama mchezo wakitimuliwa kwa vitoa machozi. Siku zile sikukutana na mtu wa magharibi ambaye hakukasirika. Nilisikia wazee wakisema kwamba mtoto akiona nyumba inavuja ana haki ya kusema inavuja, hata kama aliyeezeka ni baba yake, na nilikubaliana nao kabisa.

Kipimo ninachokitumia mimi katika mambo haya ni chepesi kueleza na kigumu kutii. Chukua maneno yale yale, litoe jina lililomo, utie jina la mtu unayempenda au unayemchukia, kisha uamue upya. Maneno yakibaki yale yale lakini uamuzi wako ukageuka, basi ulichokuwa ukikipima tangu mwanzo ni mtu. Wazazi wako waambiwe wafanye hivyo. Wakiliweka jina la kiongozi wa chama wasichokipenda katika shairi la kijana wako, je, bado wangetaka polisi? Nadhani wangeliomba lisomwe mara mbili. Ndiyo maana wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hebu sasa tulisome shairi lenyewe, maana watu wengi hugombana juu ya maneno ambayo hawajayasoma. Kijana ameandika hivi katika ubeti wa pili:

Jembe limepakwa rangi, mpini ni wa dhahabu,
Lapigwa picha kwa wingi, shamba lalia kwa tabu.

Kwanza nimpongeze, kwa sababu vina vyake vimetulia na mizani zake ni kumi na sita bila kulazimisha. Pili, tazama alichokifanya. Hakumtaja mbunge kwa jina, hakumtukana mzazi wake wala kabila lake, na hakudai kwamba ameiba kitu. Amesema kwamba kiongozi anaonekana pichani na haonekani kazini. Hayo ni maoni kuhusu utendaji wa mtu aliyeomba kazi kwa umma na kupewa, nayo yamo ndani kabisa ya Kifungu cha 33 cha Katiba yetu ya 2010, ambacho kinalinda uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari au mawazo, pamoja na ubunifu wa kisanaa. Ubunifu wa kisanaa umetajwa humo waziwazi, si jambo linalokisiwa na mawakili.

Mzazi anayetishia kwenda polisi pengine anaamini kwamba kumkejeli mheshimiwa ni kosa la jinai. Imani hiyo ina historia yake, kwa maana kwa miaka mingi tulikuwa na sheria za namna hiyo, lakini mahakama zimezing'oa moja baada ya nyingine. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, ambacho kilikuwa kikitumiwa kuwakamata watu kwa yale waliyoyaandika mitandaoni. Februari 2017 Jaji John Mativo akabatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, na tangu hapo kumkashifu mtu kukawa suala la kesi ya madai wala si la kufungwa jela. Machi 2024 ikawa zamu ya Mahakama Kuu ya hapa Nakuru, iliyobatilisha sehemu kubwa ya kifungu cha 77 kuhusu kosa la kuhujumu serikali, kifungu chenye mizizi katika enzi ya mkoloni, katika kesi iliyotokana na maandishi ya mtandaoni. Mbunge akiona jina lake limechafuliwa kwa uongo, mlango wa kesi ya madai uko wazi kwake. Kwa shairi hili, hata mlango huo sioni angeuingilia wapi.

Naomba pia umweleze mzazi huyo, kwa upole lakini bila kumung'unya maneno, kitu anachokiomba anapoomba polisi. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kama wewe, alichukuliwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi yaliyomhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi, na siku iliyofuata alikuwa amekufa akiwa mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Ilielezwa kwamba alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyopatana na maelezo hayo. Sisemi kwamba kila ripoti inayopelekwa kituoni huishia hivyo. Ninasema kwamba mtu anayetaka mtoto wa mwenzake akamatwe kwa sababu ya beti nne za shairi hana njia ya kuchagua mahali ambapo jambo hilo litaishia.

Sasa nije kwenye shairi la mwaka jana, ambalo ndilo gumu zaidi, na nitakaa hapo kwa muda.

Shairi hilo lina beti nne. Tatu za kwanza zinalalamika kwamba ajira na zabuni za kaunti zinawaendea watu wa jamii moja kupita kiasi. Malalamiko hayo huenda ni ya kweli na huenda si ya kweli, lakini ni malalamiko halali, na mtu aliyeudhiwa nayo anapaswa kuyajibu kwa kuleta takwimu za ajira. Ubeti wa nne ndio unaogeuka:

Shamba limejaa gugu, tung'oe mizizi yake,
Mlango usio ndugu, tubishe hadi watoke.

Hapa kijana hasemi tena kuhusu ajira. Amewageuza binadamu kuwa magugu, kisha akaelekeza mguu kwenye milango yao. Mtu yeyote aliyekuwa Bonde la Ufa au Kisumu mwanzoni mwa mwaka 2008 anajua lugha hii ilitufikisha wapi. Ripoti ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile za baada ya uchaguzi, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na kabla ya mapanga kulikuwa na maneno kama "madoadoa", neno la kawaida la Kiswahili lililogeuzwa likawa jina la watu wasiotakiwa. Hapa Nakuru nilimsikia mama mmoja muuza mboga, miaka mingi baada ya hapo, akimkaripia mjukuu wake kwa kuliita vazi lake la madoadoa kwa jina hilo. Alimwambia aseme "la vitone". Sijaisahau sauti yake, na kila ninaposoma kesi za matamshi ya chuki huwa ninaisikia.

Kwa hivyo mstari upo, na kuuchora hakukufanyi kuwa ndumakuwili. Kifungu cha 33 chenyewe kinasema kwamba uhuru huo hauenei hadi kwenye propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, au utetezi wa chuki unaokuwa uchochezi wa kikabila. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaliadhibu kosa hilo kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Wazazi wanaposema kwamba ukiruhusu la jembe lazima uruhusu la magugu, wanachanganya mambo mawili: kipimo kimoja na jibu moja. Mizani ile ile ya dukani ikipima kilo moja ya sukari na robo kilo ya majani ya chai, haijadanganya kwa kutoa majibu mawili.

Tatizo ni kwamba mstari huo, ukiachwa mikononi mwa wenye nguvu, husogezwa. Mwezi wa Aprili 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya chuki. "Madoadoa" yalikuwemo, na hilo nalielewa. Lakini "hatupangwingwi" nayo ilikuwemo, msemo wa kampeni wa upande mmoja uliomaanisha tu kwamba hatupangiwi na mtu. Kuyaweka maneno hayo mawili katika kapu moja kuliwadhuru wale wale ambao orodha ilikusudia kuwalinda, kwa sababu mwananchi aliyeona msemo wa chama chake humo aliacha kuiamini orodha nzima.

Ili mstari usisogezwe ovyo, wataalamu walioalikwa na Umoja wa Mataifa mjini Rabat, Moroko, mwaka 2012, walipendekeza tuulize mambo sita kabla ya kuyaita maneno uchochezi wa kuadhibiwa: mazingira ya wakati huo, hadhi ya msemaji na ushawishi wake, nia yake, maudhui na muundo wa maneno, upana wa watu yatakaowafikia, na uwezekano wa madhara kutokea kweli, tena karibuni. Ukimpima mwanafunzi wako kwa maswali hayo, utaona kwamba ubeti wake ni mbaya kwa maudhui, lakini yeye ni kijana asiye na wafuasi, akisomea wazazi mia moja au mia mbili, katika msimu usio wa uchaguzi. Hastahili kushtakiwa hata kidogo. Mwanasiasa akiyasema maneno hayo hayo kwenye gari lenye vipaza sauti, wiki moja kabla ya kura, mbele ya vijana waliokwisha kupewa pesa, hapo ningelifungua faili mimi mwenyewe. Wewe kama mlezi wa chama unaweza kumnyima jukwaa kwa ubeti ule bila kudai kwamba ametenda jinai, kwa kuwa kukataa kusoma kitu shuleni na kumwita askari ni mambo mawili yenye uzito tofauti kabisa.

Lakini hukuuzuia ubeti, mwalimu. Uliandika kwamba ulilikataa shairi lote na hukumweleza kijana sababu. Naomba uufanye ule mtihani wa jina. Kama beti tatu za kwanza zingekuwa zinalalamika kuhusu jamii nyingine, isiyo yako, je, ungezikataa? Au ungemwita kijana mezani pako, ukamwambia, "Mwanangu, beti hizi tatu zinasimama, huu wa nne utoe, na nitakueleza kwa nini"? Siwezi kukujibia. Ila naona kwamba uliona umuhimu wa kuniambia jamii hiyo ni yako, bila mimi kuuliza, na mtu haandiki jambo kama hilo kama halimkwaruzi rohoni.

Nayasema haya bila kujiona bora. Januari 30, 2018 nilikuwa nimeketi katika kibanda cha chai karibu na mahakama zetu hapa Nakuru, runinga ikionyesha watu wakimiminika bustani ya Uhuru kwa kile kiapo cha Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, cha kuwa "rais wa wananchi". Mara skrini ikawa nyeusi. Mwenye kibanda alibadilisha stesheni, nayo ikawa nyeusi pia. NTV, KTN na Citizen zilikuwa zimezimwa na serikali. Mimi niliyekuwa nikiona kiapo kile ni kinyume cha sheria nilihisi nafuu, nikamaliza chai yangu, nikarudi ofisini. Mahakama Kuu ikaamuru baada ya siku mbili kwamba stesheni zirudishwe, na bado zikakaa gizani kwa siku kadhaa zaidi, nami sikuandika hata mstari mmoja, ingawa kuandika juu ya mambo haya ndiyo kazi yangu. Kisha Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilipoamuru vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja, nilikuwa wa kwanza kupandisha sauti, kwa sababu wakati huo walioandamana nilikuwa nawaunga mkono. Mahakama iliisimamisha amri ile. Jioni hiyo mwenzangu mmoja, aliyekuwa amelia peke yake mwaka 2018, aliniuliza nilikuwa wapi wakati ule. Nilimwomba msamaha, na bado ninaona kwamba msamaha ule ulikuwa mdogo kuliko deni.

Hata hivyo nisikutwishe mzigo usio wako. Hakuna mtu awezaye kumtetea kila aliyenyamazishwa, na kunyamaza mara moja moja kwa sababu ya uchovu au shughuli hakutoshi kumfanya mtu kuwa mnafiki. Mwalimu wa Mumias hana wajibu wa kutoa taarifa kuhusu kila gazeti linalofungwa duniani. Mtu anageuka ndumakuwili anapofanya kutetea uhuru kuwa kazi au fahari yake, kisha akanyamaza tu pale ambapo mhusika si wa kwao, kama nilivyofanya mimi. Na kibaya zaidi ni yule anayetoka kwenye kunyamaza hadi kuomba adhabu, kama anavyotaka kufanya mzazi wako.

Wapo waliofaulu mtihani huu kwa gharama kubwa. Mwaka 1977 kikundi cha Wanazi nchini Marekani kilitaka kuandamana Skokie, mji ulio karibu na Chicago, ambamo waliishi manusura wengi wa mauaji ya Wayahudi. Mji ukawazuia. ACLU, shirika la Marekani la kutetea uhuru wa raia, likawatetea mahakamani, ilhali mkurugenzi wake mkuu, Aryeh Neier, alikuwa Myahudi aliyezaliwa Berlin na kuikimbia Ujerumani ya Hitler pamoja na wazazi wake akiwa mtoto. Maelfu ya wanachama walijiondoa. Wanazi wakashinda kesi, lakini mwishowe hawakuandamana Skokie. Walikusanyika Chicago mwaka 1978. Hoja ya Neier ilikuwa kwamba mamlaka yakishapewa uwezo wa kuchagua nani asiseme, wanyonge ndio watakaonyamazishwa kwanza. Mimi binafsi sitaki tuichukue sheria ya Marekani nzimanzima, kwa kuwa Katiba yetu iliandikwa na watu waliotoka kuzika majirani zao, nayo inachora mstari mapema zaidi. Ninachokichukua kwake ni ule uwezo wa kumtazama anayemchukia na kumpimia kwa kibaba kile kile.

Wala usidhani nchi hiyo imebaki pale. Februari 2025 makamu wa rais wake, J.D. Vance, aliwahutubia viongozi wa Ulaya mjini Munich akiwalaumu kwa kuubana uhuru wa kusema, na mwezi uliofuata maafisa wa serikali yake wakamkamata barabarani mwanafunzi wa Kituruki ambaye alikuwa ameshiriki kuandika makala katika gazeti la chuo kuhusu Palestina. Mahakama ilimwachilia baada ya wiki kadhaa.

Turudi Mumias. Ningekuwa wewe, ningeliacha shairi la jembe lisomwe kama lilivyo, na kabla ya siku hiyo ningewaita wale wazazi ofisini, mwalimu mkuu akiwepo, nikawapa nakala ya shairi na nakala ya Kifungu cha 33, nikawaomba waniwekee alama kwenye neno lolote wanalodai limevuka mpaka. Ofisi ya mbunge pia ialikwe, na kama kuna anayetaka kujibu kwa shairi, apewe nafasi jukwaani baada ya kijana. Mzazi wa polisi naye asikilizwe mpaka mwisho, kisha umuulize, mbele ya wenzake, angelifanya nini kama askari wangelifika Butere kumchukua binti yake.

Halafu mtafute yule kijana wa mwaka jana. Kama hesabu yangu ni sahihi sasa yuko kidato cha nne, na hana habari kwa nini shairi lake halikusomwa. Pengine anaamini ni kwa sababu ya kabila lako, na hujampa sababu ya kuamini vinginevyo. Mwambie ulichokosea. Mweleze kuhusu milango ya mwaka 2008, maana alikuwa hajazaliwa. Kisha umrudishie karatasi yake na umpe wiki moja. Beti tatu tayari anazo, na programu ya siku ya wazazi, kwa jinsi ulivyoniandikia, bado haijachapishwa.